Kabla ya kununua baiskeli ya milimani, muulize fundi

Nje ya maduka mengi ya vifaa vya nyumbani, kuanzia Nairobi hadi Arusha, husimama baiskeli ambayo kijana hawezi kuipita bila kugeuza shingo. Ni mpya, fremu bado imefungwa plastiki. Ina shokapu mbele na nyuma, breki za diski, gia 21, na maandishi makubwa ya rangi yanayoahidi milima. Bei yake haitishi: shilingi 15,000 au 18,000 za Kenya, kama laki tatu na ushee kwa pesa za Tanzania. Ng'ambo ya barabara kuna muuzaji wa mitumba mwenye baiskeli iliyochubuka rangi, isiyo na shokapu ya nyuma, naye anaitaka 25,000 na hapunguzi sana. Mnunuzi anayeanza huzitazama zote mbili na hesabu yake inakamilika papo hapo. Kwa nini alipe zaidi apate kidogo?

Makala haya yanaitetea ile iliyochubuka. Yanadai pia kwamba anayeanza hana sababu ya kutumia zaidi ya shilingi 40,000 za Kenya, takriban 800,000 za Tanzania, kwa mahitaji yote: baiskeli yenyewe, kofia ngumu, pampu na malipo ya fundi. Akishuka chini ya nusu ya kiasi hicho, mara nyingi atanunua matatizo. Akipanda sana juu yake, atanunua vitu ambavyo mwili wake bado haujui kuvitumia na ambavyo fundi wa mtaani kwake hana spana za kuvifungua.

Tuanze na hiyo shokapu ya nyuma inayovutia macho. Shokapu kamili ina kazi mbili. Springi, au hewa iliyobanwa, humeza pigo. Mafuta yaliyo ndani huizuia isirudi kwa fujo. Kwenye baiskeli za bei hiyo kazi ya pili haifanyiki kabisa, au inafanyika kwa jina tu. Kilichopo ni springi tupu. Mwendeshaji akikanyaga pedeli kupanda kilima, springi inabonyea. Akikanyaga tena, inabonyea tena, na nguvu zilizopaswa kufika kwenye gurudumu zinaishia kumpandisha na kumshusha juu ya kiti. Ongeza uzito, kwa sababu fremu ya kubeba mitambo hiyo huifanya baiskeli nzima kufika kilo 18 au zaidi, na utaelewa kwa nini wengi huonekana wakizisukuma kwenye kilima cha kwanza tu. Katika maduka makubwa ya Marekani baadhi ya baiskeli za aina hii hubandikwa onyo kwamba zisipelekwe kwenye njia za porini. Karatasi ya onyo ni ndogo. Picha ya mlima kwenye fremu ni kubwa.

Ugonjwa wa pili umejificha ndani ya habu ya nyuma. Kwenye baiskeli za bei ya chini, gia hukusanywa kwenye friwili inayofungwa kwa kuzungushwa juu ya nyuzi za habu. Muundo huo huiacha beringi ya upande wa kulia ndani kabisa, nyuma ya gia zote, na ekseli inabaki sentimita kadhaa bila kushikiliwa na chochote. Kwa friwili ya gia moja, kama ile ya Phoenix ya kubebea ndizi, nafasi hiyo ni fupi na hakuna tatizo. Kwa gia saba, ekseli imepewa nafasi ya kupinda, na hupinda siku gurudumu linapotua vibaya juu ya jiwe. Dalili yake ya kwanza ni gurudumu linaloyumba ingawa rimu imenyooka. Ya pili ni cheni kuruka gia. Ya tatu ni ekseli kukatika, kwa kawaida mbali na barabara ya lami. Kampuni ya Shimano ililitatua jambo hili mwaka 1978 kwa kuunganisha friwili na habu kuwa kitu kimoja na kuisogeza beringi hadi ukingoni. Karibu nusu karne imepita, na baiskeli nyingi mpya za bei ya chini bado zinakuja na muundo wa zamani, kwa sababu ni nafuu kuutengeneza na mnunuzi hauoni.

Hapo ndipo msemo wa rahisi ni ghali unapopata ushahidi. Lakini msemo huohuo hutumiwa vibaya na wauzaji wa upande wa pili, wale wanaomwambia anayeanza kwamba bila laki moja ya Kenya asithubutu kugusa njia ya mawe. Hao nao wakumbushwe mchezo huu ulivyoanza.

Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin County, California, walishindana kuteremka njia ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, kilomita tatu hivi zenye mteremko wa takriban mita 400. Mashindano hayo ya Repack yalikimbizwa kwa baiskeli kuukuu. Nyingi zilikuwa fremu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zilizookotwa au kununuliwa kwa dola chache, zikafungwa tairi nene. Breki ilikuwa ya kukanyaga kinyumenyume, nayo ilipata moto hadi grisi ndani ya habu ikatoka moshi. Mteremko mmoja, na habu ilibidi ifunguliwe na kupakwa grisi upya. Bei ilipanda baadaye. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli zilizoundwa mahususi kwa milima, fremu zikitengenezwa na Tom Ritchey, kwa zaidi ya dola 1,000 kila moja. Miaka miwili baadaye kampuni ya Specialized ikaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa Japani, kwa dola 750. Kinachofaa kuangaliwa ni mfuatano wa mambo. Vijana wale walivunja kwanza za dola chache, wakajua kipi kinavunjika, ndipo wakalipia kilicho imara.

Mfano wa karibu zaidi uko Kilimanjaro. Mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, binamu Nicholas na Richard Crane, walifika na baiskeli hadi juu ya mlima huo wa mita 5,895. Shokapu ya mbele, ambayo leo kila muuzaji huitaja kwanza, haikuwa imeingia sokoni. Shokapu ya RS-1 ya kampuni ya RockShox ilikuja mwishoni mwa muongo ule. Ni kweli sehemu nyingine za njia mabinamu hao walizibeba baiskeli badala ya kuziendesha, na hakuna anayemshauri mwanafunzi wa mchezo huu aanzie Kibo. Lakini anayejiandaa kuzunguka Karura, vilima vya Ngong au njia za Lushoto hapaswi kuambiwa kwamba bila shokapu ya dola mia tano atarudi amevunjika mikono.

Sasa, kwa nini baiskeli nzuri za mitumba zipatikane kwa bei ya mtu wa kawaida? Jibu linatoka kwenye kipimo cha magurudumu. Kwa miaka mingi gurudumu la inchi 26 lilikuwa ndilo la baiskeli ya milimani duniani kote. Katika muongo wa 2010 viwanda vikahamia inchi 27.5 na 29, ambazo hupita juu ya mawe kwa urahisi zaidi, na ghafla baiskeli za 26, hata zile zilizowahi kuwa ghali, zikawa mizigo kwenye gereji za Ulaya na Marekani. Wenyewe wakazitoa kwa bei ya kutupa. Nyingine zikaingia kwenye makontena. Huku kwetu kipimo hicho hakijawahi kuwa aibu: tairi na tyubu za 26 ziko kila duka la vipuri, wakati mwenye 29 akipata pancha mbaya Singida au Marsabit huenda akasubiri basi limletee tyubu kutoka mji mkubwa. Kilichoshusha bei Ulaya hakina uzito wowote kwa fundi wa Kariakoo, na anayejua hivyo ananunua ubora wa zamani kwa nusu ya bei.

Ya kutafuta basi ni baiskeli ya kampuni inayojulikana, Trek, Giant, Specialized, Scott na wenzao, ya miaka ya mwisho ya 1990 au ya 2000, fremu ya aluminiamu au chuma chepesi, shokapu ya mbele tu au hata foku ngumu isiyo na shokapu. Breki za kubana rimu zinatosha kabisa. Zile za mikono miwili mirefu, zilizoletwa na Shimano mwaka 1996, hukamata vizuri, hurekebishwa kwa spana moja ndogo, na mpira wake unauzwa mtaani. Fremu ya kaboni ya mtumba iachwe hapohapo ilipo hata kama bei ni ya kustaajabisha, kwa kuwa ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi na hutoa taarifa siku ya kuvunjika.

Kukagua mtumba ni kazi ya dakika kumi, na wauzaji wazuri hawakasiriki. Muuzaji atalizungusha gurudumu la mbele kwa mbwembwe. Mnunuzi aende nyuma. Alinyanyue gurudumu la nyuma, alishike juu kwenye rimu na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Apitishe kidole kwenye ubavu wa rimu: akisikia bonde, breki zimekula chuma kwa miaka na rimu hiyo haina maisha marefu. Ainamishe kichwa aangalie chini ya bomba la mbele, pale fremu inapokutana na foku, kwa maana hapo ndipo nyufa huanzia, na rangi iliyopakwa upya sehemu hiyo peke yake ni ya kutiliwa shaka. Ashike breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Mlio wa kugonga unaosikika chini ya usukani unaweza kuwa wa kukaza tu, au wa kubadilisha beringi.

Kisha cheni. Wachache huipima, na ndiyo inayosema kweli kuliko rangi. Pingili 24 za cheni mpya, zikipimwa kutoka pini hadi pini, zina inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka na inabadilishwa kwa pesa kidogo. Zikizidi kwa sehemu ya nane, meno ya gia nayo yameshaliwa, na hapo mnunuzi ana haki ya kuomba apunguziwe pesa ya cheni na gia zote za nyuma. Rula ya mwanafunzi ya shilingi hamsini imewahi kumwokolea mtu elfu kadhaa kwa namna hii.

Kuhusu ukubwa, wazazi wasikilize. Desturi ya kumnunulia kijana baiskeli kubwa ili akue nayo inafaa kwa sare za shule. Kwenye njia ya mawe, fremu isiyomruhusu kusimama chini kwa miguu yote miwili, bomba la juu likiwa halijamgusa, ni mwaliko wa kuumia, na anayeumia mapema huacha mapema.

Lakini ukaguzi huo wote hauna maana kama baada ya kununua hakuna wa kuitengeneza, na hapa ndipo wengi wenye pesa hupotea. Baiskeli ya milimani haikai salama. Inavunjika spoki, inakunja kibeba cheni, inaingiwa na matope kwenye kila beringi. Breki za diski za mafuta ni nzuri mno, ila zikiingiwa na hewa zinahitaji mafuta ya aina yake na kifaa cha kuyasukuma. Mafuta yasiyo yake huharibu mipira ya ndani. Shokapu ya hewa huhitaji pampu yake ndogo yenye geji. Mfumo wa gia 12 hutaka cheni ya gia 12, ambayo haishabihiani na ile iliyoning'inia kwenye msumari kibandani kwa fundi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aende kwa fundi wake na swali moja: hiki kikiharibika, utakifanyaje? Fundi akikuna kichwa, bei halisi ya baiskeli hiyo ni kubwa kuliko iliyoandikwa.

Kuna waliounda baiskeli nzima kwa kuanzia na swali hilo. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na F. K. Day, mmoja wa waasisi wa kampuni ya vipuri ya SRAM, lilitengeneza baiskeli ya Buffalo, ambayo hapa Kenya huunganishwa Kisumu. Ina uzito wa zaidi ya kilo 20, breki ya kukanyaga kinyume, keria ya kubeba kilo 100. Kampuni ya Day hutengeneza mitambo ya bei kubwa ya wanariadha wa dunia, na bado kwa barabara za vijijini Afrika alichagua chuma kinene na vipuri ambavyo fundi wa kijijini anaweza kuvifunga. Buffalo haikuundwa kwa mchezo wa milimani. Aliyeiunda, hata hivyo, alijua fundi yuko wapi.

Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah amekuwa akilea vijana waendesha baiskeli kwa miongo kadhaa chini ya jina la Safari Simbaz, na spana hapo ni sehemu ya somo. Kijana anayejua kuendesha ila hajui kufungua habu hajamaliza masomo. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuzunguka njia za vumbi za Kikuyu akiwa mtoto kabla ya kuondoka. Baadaye alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017.

Mpinzani wa hoja hii anaweza kuitaja Rwanda, na ana haki. Tom Ritchey, yuleyule wa fremu za 1979, alifika huko mwaka 2005 na kuwakuta watu wakishusha mizigo milimani kwa baiskeli za mbao. Mwaka uliofuata yakaandaliwa mashindano, vipaji vikaonekana, timu ikaundwa. Adrien Niyonshuti alitoka kwenye juhudi hizo na kushindana katika baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, akamaliza wa 39. Hakumaliza kwa baiskeli ya mtumba, bila shaka. Lakini kilichotangulia kilikuwa miaka ya kukanyaga, na vifaa vya bei kubwa vilimfikia akiwa na miguu ya kuvistahili na timu yenye makanika wake. Anayeanza hana kati ya hivyo viwili hata kimoja.

Tugawe basi hizo elfu arobaini. Elfu ishirini na tano, ishirini na saba ikibidi, ziende kwenye baiskeli. Kofia ngumu ichukue elfu nne hivi, nayo inunuliwe mpya, yenye alama ya kiwango cha Ulaya, EN 1078, au cha Marekani, CPSC. Kofia ya mtumba huenda ilishapokea pigo lake, na povu la ndani huokoa mara moja tu. Pampu, viraka, tyubu ya akiba na spana za kubeba ni elfu mbili au tatu. Kilichobaki apewe fundi wiki ya kwanza, kabla ya safari yoyote: afungue habu zote mbili, asafishe na kupaka grisi mpya, anyooshe rimu, abadilishe nyaya za breki na gia. Wanunuzi wengi huruka hatua hii, kisha huilaumu baiskeli. Mtumba uliokaa miaka gerejini Uholanzi na wiki kadhaa kwenye kontena una grisi iliyokauka, na nyaya zake ni kutu.

Bei hizi hazikuchongwa kwenye jiwe. Mombasa na Dar es Salaam, karibu na bandari, mtu anaweza kupata kwa pungufu; Mbeya au Eldoret huenda akaongeza. Mgawanyo wenyewe ndio wa kushikilia: karibu theluthi ya pesa isiguse baiskeli.

Na kwa asiye na uhakika kama mchezo huu atauweza, akodi kwanza. Langoni Hell's Gate pale Naivasha baiskeli hukodishwa kwa siku, Karura zipo, Mto wa Mbu zipo. Nyingi zimechoka, gia zinaruka, viti ni vigumu, na kwa kusudi hili hiyo ni faida. Anayerudi kutoka Hell's Gate na vumbi hadi kwenye nyusi, kiti kikiwa kimemtesa, na bado anauliza ni lini tena, huyo aende sokoni. Aliyerudi akiwa na hasira ametumia mia kadhaa za shilingi kugundua jambo ambalo jirani yake aligundua kwa elfu sitini, na baiskeli ya jirani sasa inakaushia nguo kwenye roshani.

Baada ya miezi sita ya kuendesha kila wikendi, swali la pesa hurudi, na safari hii mnunuzi ana majibu yake mwenyewe. Kama anateleza kwenye kona za mchanga, anunue tairi zenye meno makubwa zaidi, na mabadiliko atayasikia siku hiyohiyo. Kama mikono inachoka kubana breki kwenye mteremko mrefu, abadilishe mipira na nyaya kabla ya kufikiria diski. Kama magoti yanauma, amwombe mwenzake mzoefu amtazame anavyokaa, kwa maana mara nyingi kiti kiko chini mno na kukipandisha ni bure. Shokapu ije mwisho, na ikija, inunuliwe mahali ambapo kuna mtu anayejua kuihudumia.